Aliyesimama Badala ya Shangazi

Nje jua la mchana lilikuwa linawaka mpaka lami inalainika, lakini ndani ya ukumbi ulikuwa ni usiku wa kutengenezwa. Mapazia mazito meusi yalikuwa yameshushwa kwenye kila dirisha, na jukwaa lililopakwa rangi nyeusi juzi tu lilikuwa bado linanuka. Katikati ya viti vya kukunja, nyuma ya meza ya taa, alikaa binti mmoja aliyechomeka kalamu kwenye nywele kisha akaitafuta kila mahali. Jina lake kamili lilibaki kwenye cheti cha chuo. Pale ukumbini wote walimwita Kimulimuli.

Hii ilikuwa kazi yake ya kwanza. Yaani kazi yake mwenyewe ya kupanga taa za onyesho zima, si ile ya kumbebea mtu nyaya na kuambiwa "shika hapa". Na kama hilo halikutosha kumnyima usingizi, mcheza dansi mwenyewe alikuwa shangazi yake.

Shangazi alikuwa amecheza dansi tangu ujana, katika makundi ya watu, na karibu mara zote kwenye safu ya nyuma, pale ambapo mwanga hufika ukiwa umeshachoka. Sasa ndipo alipotunga dansi yake mwenyewe, ya mtu mmoja. Tatizo lilikuwa goti la kushoto. Daktari alilipapasa, akalipiga picha, akasema bila kupepesa: "Mama, ukiendelea kuruka na kujiangusha vile, tusije tukalaumiana." Shangazi naye alishaamua. Angecheza mara moja tu, kwa nguvu zake zote, kama alivyocheza akiwa msichana, na goti likivunjika na livunjike. Baada ya hapo angetundika dansi ukutani.

"Nitakaa nyumbani nifuge kuku," alisema.

Kimulimuli alikuwa anamfahamu shangazi yake. Alikuwa mwanamke ambaye kuku akimkaribia anapanda juu ya kiti. Kwa hiyo aliposema kuku, alikuwa anasema kitu kingine, na binti akamwelewa, akaumia. Akaapa moyoni kwamba kama hii ndiyo mara ya mwisho, basi atamwangaza mpaka kwenye kope.

Siku ile walikuwa wanalenga taa, na kulenga taa kunahitaji mtu. Mwanga ukipita mahali patupu hauonekani. Lazima ukute bega, shavu au kiganja, ndipo ujue umetua wapi. Mcheza dansi asipokuwepo, husimamishwa mtu mwingine badala yake. Huyo huzunguka kwenye alama za utepe mweupe zilizobandikwa sakafuni, anasimama, anageuka, anasimama tena, huku wengine wakibishana juu ya mwili wake kana kwamba ni kabati linalotafutiwa mahali pa kukaa. Shangazi alikuwa hospitali anachomwa sindano ya goti. Alikuwa ameahidi: "Nitawatumia mtu wa kusimama."

Fundi wa umeme wa ukumbi, mzee mwenye maneno mengi waliyemwita Mzee Waya, alikuwa tayari juu ya ngazi ndefu, kichwa kikiwa kimepotelea kati ya taa.

"Huyo mtu wetu anakuja leo au anakuja na mvua?" akapaza sauti.

"Nimeshafika," ikajibu sauti kutoka jukwaani.

Alikuwa mama mmoja mfupi, amesimama pembeni karibu na pazia. Alivaa gauni refu la kijivu, na kichwani alijifunga kitambaa alichokishusha mpaka kwenye nyusi, kama mtu anayeogopa vumbi. Kwenye kiwiko cha kulia gauni lilikuwa na kiraka cha kijani kilichopauka mpaka kikakaribia rangi ya nyasi kavu.

"Karibu, mama," akasema Kimulimuli. "Umetumwa na shangazi, sivyo?"

"Nimekuja kusimama."

"Basi umetuokoa. Anzia alama ya kwanza, hapo kushoto."

Mama akaenda. Alitembea polepole, mguu wa kulia ukitangulia na wa kushoto ukifuata baadaye, bila haraka, kama ndugu wawili ambao mmoja amezoea kumsubiri mwenzake. Mzee Waya akawasha taa ya ubavuni. Mwanga ukamkata yule mama upande mmoja, bega na kiuno vikang'aa, uso ukabaki gizani.

Hivyo ndivyo Kimulimuli alivyoipanga dansi nzima. Taa zote zilikuwa za ubavuni na za nyuma, mtu aonekane kama mstari wa moto uliozunguka giza. Usoni hapakuwa na taa hata moja mpaka mwisho kabisa, ambapo taa moja tu ingewaka kutoka kwenye kibaraza kilicho nyuma ya viti, na kwa mara ya kwanza watu waone sura ya shangazi. Alikuwa ameifikiria taa hiyo kwa miezi.

"Mama, hujafika kwenye alama. Sogea mbele hatua moja."

"Hapa ndipo ninapofika."

Alisema kwa upole, lakini kwa namna isiyoacha nafasi ya ubishi. Kimulimuli akadhani shangazi amebadilisha hatua zake na kumweleza mjumbe wake. Akaacha. Kwenye alama ya pili ikawa hivyo hivyo, na ya tatu pia.

"Na hii taa ya nyuma," mama akaongeza, "ishusheni kidogo. Nimefupika."

Mzee Waya akacheka mpaka ngazi ikatikisika. "Umesikia hiyo? Amefupika! Mimi nilidhani watu wanazaliwa wafupi, kumbe wengine wanapunguzwa!"

"Subiri zamu yako," akasema mama, naye akacheka. Kilikuwa kicheko kizuri, cha kooni. Kimulimuli akahisi amewahi kukisikia mahali, lakini wakati huo huo mwanga ukamteleza mama begani, ikabidi aufuate kwa macho. Anayepanga taa hamtazami mtu. Anatazama pale mwanga unapotua. Mchana ule wote alitazama bega, kisogo, ukingo wa mkono, kiraka kile cha kijani. Mtu mwenyewe hakumtazama.

Mara moja tu alipanda jukwaani kubandika utepe mpya, pale mama aliposema ndipo anapofika. Alipoinama karibu naye alisikia harufu ya dawa ya kuchua misuli, kali, ya kupenya puani. Mama akasema kwa sauti ya chini, isiyokusudiwa kufika kwenye ngazi:

"Sauti yako nilikuwa nimeisahau."

Kimulimuli akainua kichwa. "Kwani tumewahi kuonana, mama?"

Taa ya nyuma ilikuwa inammulika mama kisogoni, na mbele yake hapakuwa na kitu ila weusi wa umbo.

"Fanya kazi, mwanangu," akajibu. "Taa inaunguza."

Binti akarudi kwenye meza yake. Ubaridi ulimpita mgongoni, akaisingizia feni.

Walipomaliza taa ya mwisho ya ubavuni, akasema, "Sasa tulenge ile ya usoni, kisha tukupumzishe." Akainama kuitafuta swichi. Alipoinua macho, jukwaa lilikuwa tupu.

"Kaenda zake," akasema Mzee Waya kutoka juu. "Na hata chai hatujampa. Watatusema."

Mlango wa ukumbi ule ulikuwa mmoja, na bawaba zake zilikuwa zinalia kama mbuzi anayevutwa sikio. Kila mtu alikuwa ameshaulalamikia. Kimulimuli alikuwa nyumbani anakunywa maji jikoni alipokumbuka kwamba mchana kutwa hakuusikia ukilia.

*

Kesho yake ilikuwa siku ya onyesho. Asubuhi shangazi aliingia, mlango ukalia kama kawaida yake, na nyuma yake akaja fundi cherehani, mwanamke mnene mchangamfu aliyeitwa Mama Sindano, amebeba gauni mikononi kama mtoto aliyelala.

"Msiniulize kwa nini nimechelewa," akasema. "Pindo nimelimaliza asubuhi hii, uzi hata haujapoa."

Gauni lilikuwa la kijivu. Kimulimuli akalitazama, akajiambia kwamba kijivu ni kijivu, dunia imejaa magauni ya kijivu. Akaenda kukaa kwenye meza ya taa.

Muziki ukaanza. Shangazi akatoka pembeni, akaingia kwenye mwanga wa kwanza. Mwanga uliishia shingoni. Pale jukwaani alikuwa anacheza mwanamke asiye na kichwa, mikono yake mizuri ikipanda na kuzimika kila ilipovuka mabega. Shangazi akaruka kwenda alama ya pili. Aliruka kwa nguvu, kama alivyokuwa ameapa, akatua hatua moja kupita mwanga, akapotea. Ulisikika mguu ukigonga mbao gizani, kisha pumzi, kisha sauti ndogo ya maumivu iliyobanwa kwenye meno. Kila aliporuka, ni kama alikuwa anaruka nje ya dunia. Na kila mahali alipotoka, mwanga ulibaki umesimama pale pale, mfupi, mtulivu, ukimsubiri mtu.

"Simamisha!" akaita shangazi. Muziki ukakatika. "Mwanangu, mbona sijioni? Hizi taa umemlengea nani, jirani?"

Kimulimuli alikuwa ameshapanda jukwaani, machozi karibu kumtoka. "Shangazi, nilimlengea yule uliyemtuma. Alisema ndipo anapofika. Nilidhani umebadilisha hatua."

"Yupi?"

"Yule mama mfupi. Wa jana."

"Mimi niliyemtuma ni yule mwanafunzi wangu mrefu, na usiku alinipigia kuniomba radhi kwamba aliugua hakuja. Nikajua mmemsimamisha yeyote mliyempata."

Mzee Waya, aliyekuwa anakula karanga, akaacha kutafuna.

"Mimi nilijua ni mtu wako," akasema.

"Mimi pia. Basi labda alikuwa mtu wa ukumbi," akasema Kimulimuli.

"Ukumbi huu hauna mtu, mama. Una mimi na popo."

Shangazi akakaa kwenye ukingo wa jukwaa, akalishika goti lake kwa mikono miwili, akauliza kwa sauti ya kawaida mno:

"Alisimamaje?"

Kimulimuli akamwigiza. Uzito kwenye mguu wa kulia, mgongo umeinama kidogo, mkono mmoja nyuma ya kiuno. Akatembea hatua chache, wa kushoto ukifuata. Mzee Waya akadakia, "Na akasema, 'Ishusheni kidogo, nimefupika.' Hivi hivi, kwa dharau ya kirafiki."

Shangazi akaziba mdomo kwa kiganja. Alipokitoa, alikuwa anatabasamu na macho yamejaa maji.

"Huyo ni mama," akasema. "Ni bibi yako, Kimulimuli. Alivyokuwa anasimama jikoni mwaka ule wa mwisho, ndivyo hivyo. Maisha yake yote hakukanyaga ukumbi kunitazama, alisema dansi ni kazi ya watu wasio na kazi. Kumbe amekuja."

Kimulimuli hakutaka kubisha, maana shangazi alionekana kama mtu aliyelipwa deni la zamani. Mzee Waya alikuwa ameshakwenda kuvuta ngazi, akitembea karibu karibu na ukuta.

"Tuzilenge upya," akasema. "Jioni bado iko mbali. Lakini safari hii anayesimama ni mtu ninayemjua jina la baba yake."

"Ngoja kwanza," akasema shangazi. "Ziwasheni kama zilivyo."

"Shangazi, hazikufikii."

"Basi nitazifikia mimi."

Muziki ukaanza tena. Safari hii shangazi hakuruka. Alipiga hatua fupi, akakunja magoti, akajishusha mpaka kichwa chake kikaingia chini ya paa la mwanga, na hapo akaonekana mzima, kutoka kisogo mpaka kisigino. Akaenda kwenye alama ya pili ya zamani bila kuifikia, akasimama hatua moja kabla, na mwanga ukampokea. Pale alipozoea kujirusha sakafuni, akainama tu, polepole, mkono ukienda badala ya mwili. Ilikuwa dansi nyingine, ndogo, iliyobana kitu ndani yake. Mwanga ulimkaa shangazi kama kiatu kilichokwisha kuvaliwa miaka mingi na mguu ule ule.

Alipomaliza, shangazi akabaki amesimama, kichwa ameinamisha upande mmoja, kama anayesikiliza sauti kutoka chumba cha pili.

"Halikuuma," akasema.

"Nini?"

"Goti. Dansi nzima halikusema neno." Akalipiga kofi kidogo, kama mtu anayemwamsha mtoto. Kisha akacheka, kicheko chake cha kooni, na Kimulimuli akashika ukingo wa kiti.

Alikuwa amekisikia kicheko kile jana, kwenye jukwaa lile lile.

"Acheni taa zilivyo," akasema shangazi, akageuka kwa furaha ya ghafla kwenda kunywa maji. Nguzo ya chuma ya taa ya ubavuni ilikuwa na msumari uliochomoza. Ukasikika mchaniko.

"Gauni langu!" akapiga kelele Mama Sindano. "Halijamaliza hata siku moja duniani!"

Lilikuwa limechanika kiwiko cha kulia. Mama Sindano akasaka kwenye kapu lake kitambaa cha kijivu, asipate. Alikuwa amekimaliza kwenye pindo. Akatazama huku na huku, kisha akafungua kilemba chake mwenyewe, akakata kipande kwenye ncha, akakilamba kidole na kuanza kushona pale pale mkononi mwa shangazi.

"Usiku hawataona," akasema. "Na wakiona, waambie ni mtindo."

Kiraka kilikuwa cha kijani. Kijani kibichi, cha kung'aa, kama jani lililonyeshewa sasa hivi.

Kimulimuli alikitazama mpaka macho yakamuuma. Jana mchana gauni hili lilikuwa chini ya sindano ya cherehani, mtaa mwingine, halina pindo. Jana kiraka hiki kilikuwa kilemba kichwani mwa mtu. Na bado yeye alikiona, kiwiko hicho hicho, kona hiyo hiyo imepinda kidogo kama Mama Sindano alivyokuwa anaipinda sasa. Alikiona kikiwa kimefuliwa, kimeanikwa, kimefuliwa tena, mpaka rangi yote imekwenda.

Bibi hakuwahi kuvaa gauni hili. Shangazi alikuwa amekosea. Aliyekuja jana kupimiwa taa hakutoka nyuma, kwa waliokufa. Alitoka mbele, kwenye miaka ambayo haijafika.

"Umeona nini?" akauliza shangazi. "Umetoa macho kama mjusi aliyebanwa na mlango."

"Sijaona kitu," akajibu. "Njoo tulenge taa ya usoni. Hiyo bado haina mtu."

Taa ile ilikuwa kwenye kibaraza, ilifikika kwa mkono, kwa hiyo Kimulimuli aliigeuza mwenyewe. Shangazi alisimama kwenye alama ya mwisho. Binti akaisogeza taa kidogo kidogo, na kwa mara ya kwanza tangu aanze kazi hiyo hakutazama mwanga. Alimtazama mtu. Akaona kovu dogo kwenye kidevu, mikunjo miwili kando ya mdomo, na namna shangazi alivyofumba jicho moja kwa ajili ya ukali wa taa, kisha akamtolea ulimi kama alivyokuwa akimfanyia alipokuwa mtoto.

"Utanipofusha, wewe!"

"Tulia, shangazi. Nataka nikujue."

"Hujanijua tu mpaka leo?"

*

Jioni viti vilijaa. Watu waliingia na kelele zao, mlango ukilia kwa kila mmoja, kisha giza likawanyamazisha. Kimulimuli alisukuma swichi ya kwanza.

Shangazi akaingia kwenye mwanga wa watu wafupi. Alicheza ile dansi ndogo, akiishia hatua moja kabla ya kila alama ya zamani. Ukumbi ulitulia kwa namna isiyo ya kawaida, kama watu waliofika mahali wakakuta mtu anaomba dua, wakaogopa kukohoa. Mbele kulikuwa na mtoto aliyelala mapajani mwa mama yake. Akainuka, akaonyesha kidole upande wa pazia, si kwa shangazi, akanong'ona kitu. Mama yake akaushusha mkono wake. Kimulimuli hakuthubutu kutazama upande ule. Aliweka macho kwa shangazi, na katika mguu wake wa kushoto, uliokuwa umeanza, kidogo tu, kumfuata mwenzake.

Ikafika taa ya mwisho. Katika mazoezi yote, dansi ilikuwa inaishia shangazi akijiangusha kifudifudi na taa kuzima juu ya mgongo wake. Ndiyo ilikuwa kwaheri yake. Kimulimuli akawasha taa ya usoni, akaweka kidole juu ya swichi ya kuzimia, akasubiri aanguke.

Shangazi hakuanguka. Alisimama akiwatazama watu, kovu, mikunjo na yote, na pumzi yake ikapanda na kushuka. Taa ikaendelea kuwaka. Kimulimuli akakiondoa kidole kwenye swichi, akakikalia.

Baadaye, katika chumba cha kubadilishia nguo, kulikuwa na joto na harufu kali ya dawa ya kuchua. Shangazi alikuwa amekaa juu ya sanduku, mguu ameunyoosha, Mama Sindano akimfungua vifungo vya mgongoni. Mzee Waya alichungulia mlangoni, akasema ameona mengi katika ukumbi huo lakini leo amesahau karanga zake mfukoni, akaondoka.

"Shangazi," akasema Kimulimuli. "Yule wa jana hakuwa bibi."

Akamweleza habari ya gauni na kiraka, pole pole, kama mtu anayepita kwenye mbao zilizooza. Shangazi hakumkatiza. Akageuza kiwiko, akasugua kiraka kati ya vidole viwili.

"Kilikuwa kimepauka kiasi gani?"

"Kama nyasi kavu."

"Haiwezekani," akadakia Mama Sindano, ambaye alikuwa amesikia rangi tu na si mengine. "Kilemba changu hiki hakichuji. Nilikinunua kabla sijaolewa, na sasa nina wajukuu. Tazama! Bado kijani kama kasuku."

Shangazi alimtazama fundi cherehani, kilemba chake, wajukuu wake wasiokuwepo pale. Midomo yake ilikuwa inasogea kidogo, kama mtu anayejumlisha miaka kimya kimya. Kisha mabega yake yakaanza kutikisika.

"Basi kuku watasubiri," akasema. Akacheka mpaka akafuta machozi kwa kiraka chenyewe. "Wasubiri sana! Waambieni kuku watafute kazi!"

Kimulimuli naye alicheka, na furaha aliyokuwa nayo ilikuwa ya kweli. Lakini kulikuwa na jambo moja ambalo hakulisema. Maneno yale yaliyosemwa kwa sauti ya chini alipokuwa ameinama na utepe: "Sauti yako nilikuwa nimeisahau." Mtu hasahau sauti anayoisikia kila siku. Alijaribu kujiambia kwamba huenda atahamia mbali kikazi, au watagombana kisha wapatane, au ni uzee tu unaosahaulisha. Kila jibu lilikuwa linawezekana, na hakuna hata moja lililotulia mahali pake. Akahisi ukumbi uliokuwa nyuma ya ukuta, mtupu sasa, taa zake zikiwa bado zimelengwa kwa mtu ambaye hajafika.

"Mbona umenyamaza?" akauliza shangazi. "Njaa?"

Kimulimuli akavuta kiti, akakaa karibu naye kabisa, magoti yao yakagusana, akaanza kusema. Akasema juu ya mtoto aliyenyoosha kidole, juu ya swichi iliyonata, juu ya kalamu aliyoitafuta asubuhi nzima ikiwa kichwani, juu ya dansi ijayo na taa atakazoiwekea, na ijayo tena baada ya hiyo. Alisema bila kupumzika, akitaja kila neno waziwazi.

"Leo umemeza redio?" akasema shangazi.

"Nisikilize tu, shangazi."

Kulikuwa na kitu katika namna alivyosema kilichomfanya shangazi aache kucheka. Akaweka mkono wake juu ya mkono wa binti, akainamisha kichwa upande mmoja kama alivyofanya asubuhi pale goti liliponyamaza, akasikiliza.